MAONI: Basi la shule linahitaji kamera za 360 kuliko Nissan Note yako

Ukitaka kujua ni gari gani linaona vizuri zaidi hapa Nairobi, usiangalie basi la shule wala lori la takataka. Angalia Nissan Note iliyoshuka kutoka Japani juzi, ile ndogo inayokubeba kwa teksi ya apu kutoka Roysambu hadi tao.

Dereva akitia rivasi, kwenye skrini au kwenye kioo chake cha ndani inatokea picha ya gari lenyewe likitazamwa kutoka juu, utadhani kuna droni inaelea juu ya paa. Mistari ya maegesho, ukingo wa barabara, paka aliyelala, vyote viko pale.

Sasa geuka uangalie upande wa pili wa barabara. Basi la shule la abiria thelathini na tatu linashusha watoto wa PP1. Dereva amekaa kulia. Watoto wanashukia kushoto. Macho yake ni vioo viwili vya kando, pamoja na sauti ya anti wa basi akisema, "Sawa, twende!"

Hoja yangu iko hapo. Teknolojia ya kuunganisha picha za kamera kadhaa ili dereva aone pande zote imeingia Kenya kwa mlango wa nyuma, ikiwa ndani ya magari ya mitumba. Imeishia kwenye magari madogo ambayo hata bila hiyo dereva angegeuza shingo akaona. Magari makubwa, yale yenye sehemu kubwa dereva asizoziona, mengi bado yanategemea vioo na maombi.

Na hali imekuwa hivyo kwa sababu hakuna aliyekaa chini akaamua iwe vingine.

Hakuna droni

Kwanza tuelewane kuhusu hii kitu, maana wengi wanaoitumia kila siku hawajui inafanya nini.

Hakuna droni na hakuna setilaiti. Kuna kamera nne ndogo: moja mbele kwenye grili au chini ya nembo, moja nyuma karibu na nambari ya gari, na mbili chini ya vioo vya kando. Kila moja ina lenzi pana sana, inayoona karibu nusu duara nzima. Ndiyo maana picha yake ikiwa bado ghafi imepinda, kama uso wako ukijitazama kwenye kijiko.

Kompyuta ndogo ndani ya gari inafanya kazi tatu, tena na tena, mara nyingi kwa kila sekunde. Inanyoosha picha iliyopinda. Inaigeuza ionekane kana kwamba ilipigwa kutoka juu. Kisha inakata vipande vinne na kuviunga kuwa picha moja, kama fundi wa nguo anayeunga vitambaa vinne kuwa shuka moja.

Lile gari unaloliona katikati ya skrini ni mchoro tu. Hakuna kamera hata moja inayoona paa lako.

Nissan walianza kuuza mfumo huu mwaka 2007, kwenye Elgrand kule Japani na Infiniti EX35 kule Marekani, wakauita Around View Monitor. Mwaka 2012 wakauweka kwenye Note. Kitu kilichoanza kama anasa ya magari ya bei kikashuka hadi gari dogo la familia. Na kwa kuwa sheria yetu inaruhusu magari ya mitumba yasiyozidi umri wa miaka minane, haikuchukua muda kabla ya kushuka bandarini Mombasa.

Ndio maana leo dere wa teksi ana jicho la juu, na dere wa basi la watoto hana.

Mahali picha zinapoungana

Lakini kabla hatujaimba sifa, kuna jambo ambalo wauzaji hawakuambii.

Umewahi kupiga panorama na simu mkiwa kikundi? Mmoja wenu akisogea kidogo, anatoka na miguu mitatu, au kichwa kinapotea. Simu haikuwa na nia mbaya. Iliunga picha kadhaa, na pale zilipoungana ikabidi ibahatishe.

Kamera za gari nazo zinabahatisha. Kompyuta inachukulia kwamba kila kitu kilicho nje ya gari kimelala bapa chini, kama mchoro kwenye mkeka. Kwa lami na mistari ya rangi, hiyo ni kweli. Lakini mtoto hajalala. Amesimama.

Kwa hivyo miguu yake itaonekana mahali sahihi, huku kichwa na mabega vikivutwa kwenda mbali na gari, virefu kama kivuli cha saa kumi na moja jioni. Akisimama kwenye kona, pale picha ya mbele inapokutana na ya kando, mambo yanaharibika zaidi. Kamera moja inavuta mwili wake upande huu, nyingine inauvuta upande ule, na sehemu kubwa inaweza kuangukia nje ya mstari wa kukatia. Kwenye skrini unabaki na kitu kidogo kama jozi ya viatu.

Chukua pia mkokoteni uliobeba vyuma vya ujenzi, vile vinavyotokeza nyuma kama mkuki. Skrini itakuonyesha magurudumu yake yako mbali, na wewe utaona nafasi bado ipo. Kumbe vile vyuma viko hewani, tayari vinabusu bampa lako.

Hata kampuni kubwa hazijaepuka shida. Januari 2023, Ford walilazimika kuita takriban magari 462,000 duniani, yakiwemo Explorer, Lincoln Aviator na Lincoln Corsair zenye kamera za 360, kwa sababu picha ya kamera ya nyuma ingeweza kukatika dereva akiwa anarudi nyuma.

Nasema haya ili tuzungumze kama watu wazima. Kamera za 360 ni msaidizi mzuri sana, na ana udhaifu wake. Dereva anayejua udhaifu huo atatazama skrini, atatazama vioo, kisha atageuza shingo. Asiyejua ataamini skrini kama anavyoamini M-Pesa ikimwambia pesa imeingia.

Makanga ndiye kamera yetu ya kwanza

Sisi Wakenya tulishaunganisha macho ya watu kadhaa kwenye gari moja kitambo, kabla ya Nissan.

Fikiria mathree ikirudi nyuma pale steji. Dere anaangalia kioo cha kulia. Makanga ameruka chini, anapiga bodi kwa kiganja: "Kuja, kuja, kuja... kata kulia... kuja... shika hapo!" Mhudumu wa steji yuko nyuma anazuia boda. Mama wa mahindi naye anapaza sauti akiona sufuria yake iko hatarini.

Hiyo ni kamera nne. Na kichwa cha dere ndicho kompyuta inayounga.

Mfumo huu umetubeba miaka mingi na siudharau. Makanga mzuri ana kitu ambacho hakuna lenzi inacho: anajua mtoto aliyeshika mpira atakimbia kuufuata. Anasoma nia ya watu.

Shida ni kwamba makanga ni mmoja. Akiwa nyuma, hayuko mbele. Akiwa mlangoni anahesabu chenji, hayuko popote. Muziki ukiwa umepandishwa, ile "shika hapo" inafika imechelewa. Kwenye lori la takataka, wasaidizi wako juu ya mzigo au wamebeba mapipa. Kwenye basi la shule, anti amemshika mtoto mmoja mkono, na wengine kumi wameshatawanyika.

Kamera haichoki na haihesabu chenji. Makanga naye haoni picha yenye mshono. Tukiweka hao wawili pamoja tunapata mfumo mzuri kuliko wa Japani.

Watoto wa ploti

Kuna watakaosema hii ni mada ya wenye magari, na wewe unapanda tu. Ngoja kwanza.

Ulikulia wapi? Kama ni Pipeline, Umoja, Kayole, Githurai au Zimmerman, basi uwanja wako wa kuchezea ulikuwa barabara. Ulicheza bano, ukaruka kamba, ukapiga chobo mahali ambapo pia lori la maji linarudi nyuma, lori la mchanga linamwaga, na gari la takataka linapita likibana ukuta. Hujawahi kupewa uwanja mwingine. Wadogo zako leo wanacheza pale pale, ila ghorofa zimeongezeka na magari yameongezeka.

Gari linalorudi nyuma haliendi kasi. Hakuna breki za kulia wala vumbi. Ndiyo maana halitutishi. Lakini tairi la lori halihitaji kasi.

Na usidhani hatari iko nyuma pekee. Mabasi mengi ya shule hapa yana uso bapa na dereva ameketi juu. Chini ya kioo cha mbele, karibu na bampa, kuna eneo asiloliona kabisa. Upande wa kushoto, karibu na mlango, kuna eneo lingine ambalo kioo cha kando hukionyesha kipande tu. Mtoto aliyeinama kuokota kalamu mbele ya basi hayupo katika dunia ya dereva.

Usiniamini mimi. Basi likiwa limezimwa na kuegeshwa, omba dereva wa shule ya jirani ukae kwenye kiti chake. Mtu mzima asimame mbele akiwa ameshika fimbo yenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, aanzie kwenye bampa na arudi nyuma taratibu. Mwambie asimame pale utakapoona ncha ya fimbo. Shuka upime umbali kwa hatua. Ukimaliza hutauliza tena kwa nini ninaandika haya.

Kila mwaka barabara za Kenya zinaua zaidi ya watu 4,000, na kundi kubwa zaidi ni wanaotembea kwa miguu. Sisemi wote wanagongwa na magari yanayorudi nyuma. Wengi hawagongwi hivyo, na kamera hazitamaliza ulevi wala mwendo wa kasi. Lakini vifo hivi vya polepole, vya getini na kwenye vichochoro, ni miongoni mwa vile ambavyo tayari tunajua dawa yake.

Waliokataa kusema "ajali haina kinga"

Marekani walikuwa na shida hiyo hiyo. Mwaka 2002 mtoto wa miaka miwili, Cameron Gulbransen, alikufa baada ya kugongwa na gari la baba yake lililokuwa likirudi nyuma nyumbani kwao. Baba hakumwona kwa sababu kwenye gari lile refu mtoto huyo hangeweza kuonekana.

Familia haikusema ni mapenzi ya Mungu ikanyamaza. Iliungana na wazazi wengine ikapigania sheria, ikatiwa saini mwaka 2008 ikibeba jina la mtoto huyo. Kisha ikacheleweshwa na kuahirishwa, hadi watetezi wakaenda mahakamani. Kanuni zenyewe zilitoka mwaka 2014, na kufikia Mei 2018 kila gari jipya la abiria lililouzwa Marekani lilipaswa kuwa na kamera ya nyuma. Picha lazima itokee ndani ya sekunde mbili tangu dereva atie rivasi.

Serikali yao ilikadiria kwamba ajali za kugongwa na gari linalorudi nyuma ziliua watu 210 hivi kwa mwaka na kujeruhi takriban 15,000. Karibu thuluthi moja ya waliokufa walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Watu 210 katika nchi ya zaidi ya milioni mia tatu. Mtu angesema ni wachache. Wao waliona inatosha kubadilisha kila gari.

Japani nayo ilianza kulazimisha kamera au vifaa vya kutambua kilicho nyuma ya gari, mwaka 2022 kwa modeli mpya na 2024 kwa modeli zilizokuwa zikiendelea kutengenezwa.

London walipita njia nyingine, na mimi hii ndiyo naipenda zaidi. Walianza na malori. Lori la zaidi ya tani 12 haliingii jijini bila kibali cha usalama, na linapewa nyota, kuanzia sufuri hadi tano, kulingana na kiasi dereva anachoweza kuona moja kwa moja kupitia madirisha, bila kioo wala kamera. Tangu Oktoba 2024 linahitaji angalau nyota tatu. Likikosa, sharti liwekewe mfumo kamili wa kamera, vitambuzi na maonyo.

Umeona tofauti? London waliuliza gari gani linaua kwa kutoona, wakaanza na hilo. Sisi tumeacha soko la mitumba lituchagulie.

Tena fikiria hili. Magari madogo yatazidi kuja na kamera bila sisi kufanya lolote, kwa sababu Japani imeshatuamulia. Lakini mabasi ya shule na mathree kubwa mengi tunaunda wenyewe. Chesisi inaunganishwa hapa, bodi inajengwa hapa, viti vinashonwa hapa. Hakuna Mjapani atakayetuwekea kamera kwa bahati nzuri. Tusipoamua sisi, hazitakuwepo.

Majibu kwa wanaopinga

"Ni ghali." Kweli, si bure. Lakini sisi ndio taifa la nganya. Gari linapakwa grafiti, linawekewa spika zinazotikisa kifua, taa za rangi zote na skrini kila pembe, kwa mamilioni ya pesa. Nazipenda nganya, usinielewe vibaya. Ila gari lenye skrini kumi za kuonyesha video za ngoma haliwezi kukosa moja ya kumwonyesha dere mtoto. Na shule inayolipisha wazazi pesa za usafiri kila muhula haiwezi kusema kamera nne zimeishinda.

"Zitaibiwa." Hapa mpinzani ana hoja. Nairobi hii tunachora nambari za gari kwenye vioo vya kando na kuvipigilia misumari, na bado vinang'olewa kwenye jam. Nembo ya mbele nayo haina uhakika. Lakini kwenye basi na lori kamera hazina haja ya kukaa chini. Zinafungwa juu karibu na paa, mahali mkono wa mtu aliye barabarani haufiki, na kule juu zinaona vizuri zaidi.

"Madereva watazembea." Wengine watazembea, ndiyo. Kuna watu walizembea hata baada ya kupewa mishipi. Jibu ni kuwafundisha: skrini inaonyesha nini, haionyeshi nini, pale kwenye mshono kuna nini, na kwa nini asubuhi kabla ya safari lazima kila lenzi ifutwe kwa kitambaa safi. Msimu wa mvua ndefu, tope dakika mbili tu linageuza kamera kuwa pambo. Haya yaingie kwenye shule za udereva na kwenye mtihani.

"Serikali haitafanya." Ilishawahi. Kuanzia Februari 2004, kanuni za John Michuki ziliwalazimisha wenye matatu waweke mishipi, vidhibiti mwendo na ule mstari wa manjano. Watu walilia, wakagoma, wakasema haiwezekani. Kisha ikawezekana. Na miaka kadhaa baadaye tukaamua mabasi ya shule yawe ya rangi ya manjano, na leo unayaona. Rangi inamsaidia kila mtu kuliona basi. Sasa tulisaidie basi lenyewe kuona watoto.

Kazi iko hapa, wasee

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo nimeshinda sana kwenye maduka ya vifaa vya magari kule Kirinyaga Road, wakati mwingine nikishika tochi, wakati mwingine nikipitisha waya. Kwa hivyo naongea pia kwa niaba ya vijana ambao darasa liliwakataa lakini mikono inafanya kazi.

Ninachokiona kule kinasikitisha kidogo. Gari linakuja kutoka Japani na mfumo wake kamili. Mwenye gari anachoka na redio inayoongea Kijapani na ramani ya Osaka, anataka ya Android yenye skrini kubwa. Ya zamani inang'olewa, mpya inakaa, muziki unalia, kila mtu anafurahi. Kwenye baadhi ya magari zile kamera nne zinabaki zimekufa pale nje, kwa sababu hakuna aliyejua jinsi ya kuziunganisha na skrini mpya.

Au bampa linagongwa, linaenda kwa fundi wa kunyoosha, linarudi linang'aa. Lakini kamera imekaa tofauti kidogo, upana wa kidole tu. Kwa macho huoni. Kwenye skrini, mstari wa maegesho unavunjika pale picha zinapoungana, na kile kilicho kwenye ule ufa hakionekani vizuri. Hapo gari linahitaji kupimwa upya: unatandika mikeka yenye miraba myeusi na myeupe kuzunguka gari, kila mmoja kwa vipimo kamili, na kompyuta inajifunza upya kila kamera iko wapi.

Ni mafundi wangapi mtaani kwako wanafanya hiyo kazi? Hesabu kwa vidole, utabaki na vidole.

Kila mwaka tunaambiwa vijana wajiajiri, wajiajiri. Basi kazi ni hii. Maelfu ya magari yenye kamera yanaingia, na kila bampa linalopakwa rangi ni mteja. Vyuo vya kiufundi viweke kozi fupi ya miezi michache. Usiwadai watu digrii kwa kazi inayohitaji futi ya kupimia, akili na subira. Na siku mabasi ya shule yatakapolazimishwa kuwa na kamera, tusisubiri mtu atoke ng'ambo kuja kuzifunga.

Tunataka nini, kwa ufupi

NTSA isiendelee kukagua taa, breki na matairi huku ikifumbia macho kile dereva asichoweza kuona. Basi la shule likienda ukaguzini liulizwe: dereva wako anaona mbele ya bampa? Anaona mlangoni? Anaona nyuma? Kama hapana, lipewe muda wa kurekebisha.

KEBS tayari ina kiwango cha KS 372 kuhusu ujenzi wa mabodi ya magari ya abiria. Kiongezewe sharti la kamera kwa mabasi mapya ya shule kwanza, kisha matatu kubwa, kisha malori yanayoingia mitaani: ya takataka, ya maji, ya mchanga. Kuunda bodi likiwa tayari na nafasi ya waya ni rahisi kuliko kulitoboa baadaye.

Kaunti nazo zina nguvu hapa. Kaunti inayotoa zabuni ya kuzoa takataka inaweza kuandika kwenye mkataba kwamba lori lisilo na kamera za kuzunguka halifanyi kazi ndani ya estate. Hilo halihitaji Bunge.

Shule zisisubiri hata sheria. Wazazi wakutane, waulize. Na wewe ambaye huna mtoto lakini unamlipia mdogo wako pesa za basi, una haki ya kuuliza pia. Piga simu ofisini, uliza kwa heshima: "Mwalimu, basi la watoto lina kamera?" Shule ikipokea simu ishirini za namna hiyo kwa wiki moja, swali litafika kwenye bodi.

Na kama wewe ndiye dere, wa Note, wa mathree au wa lori, tafadhali endelea kugeuza shingo hata ukiwa na skrini. Shuka uzunguke gari kabla ya kuwasha. Hiyo haina gharama, na haina mshono.

Ila tusidanganyane kwamba shingo inatosha. Hakuna shingo inayoweza kuona chini ya kioo cha mbele cha basi, hata ukiwa dereva wa miaka thelathini. Kule chini kuna watoto, kila asubuhi na kila jioni ya siku ya shule. Kuna kamera tayari zinazoweza kuwaona, na mafundi wa kuzifunga tunaweza kuwapata hapa hapa. Kilichobaki ni mtu mwenye muhuri kuamua.

Kwa hivyo mara nyingine mtoto akigongwa getini na mkubwa fulani akasimama mbele ya kamera za runinga kusema ajali haina kinga, mwambieni hii ilikuwa nayo. Ilikuwa kwenye Nissan Note iliyoegeshwa pale pembeni.